Dereva Asiyeumwa na Helmeti

Madereva wa trela ni watu wa kujigamba, na nina haki ya kusema hivyo kwa sababu nimeolewa na mmoja wao. Waweke pamoja kwenye foleni ya mpaka wa Malaba na hawatamaliza kikombe cha chai kabla ya kuanza kushindana: nani alishuka mteremko wa Timboroa breki zikinuka, nani aliendesha hadi Mombasa bila kusinzia. Kwa hiyo kampuni ilipoleta ile miwani ya uhalisia pepe, madereva walichopata ni mchezo mpya.

Waliiita helmeti, ingawa haifanani sana na helmeti. Ni kisanduku cha plastiki kinachofungwa usoni kwa mikanda, na ndani yake kuna vioo viwili, kimoja kwa kila jicho. Ukishaivaa huoni tena kontena kuukuu tulilotumia kama darasa, wala yadi ya kampuni, wala vumbi la foleni nje. Unaona barabara, usukani na trela lako. Mimi ndiye niliyekuwa nawafunga mikanda na kuwaelekeza. Kabla ya hapo nilikuwa nafundisha kompyuta Busia mjini, kwa wanafunzi waliojua kila kitu kuliko mimi, na nilifurahi kuondoka.

Kuendesha barabara ile ya picha hakukuwasumbua sana. Shida ilikuja pale dereva alipotakiwa kushuka, mle mle ndani ya picha, na kukagua gari. Anainama kwenye nati za gurudumu, kisha anakwenda nyuma kwenye mlango wa kontena, anashika sili, kile kifungo cha forodha chenye namba, na kuisogeza karibu na uso hadi aisome. Hapo ndipo wanaume wazima walipoanza kugugumia.

"Madam, hii kitu inanivuta macho," mmoja alisema.

"Bannange, nyabo, haka kamashine kanaua!" alilalamika mwingine, dereva wa kutoka upande wa Uganda, huku akijifuta machozi. Sili alikuwa ameiona mbili.

Mkufunzi aliyetoka Nairobi kuniandaa alikuwa amenieleza sababu. Ukiangalia kitu kilicho karibu, macho yako mawili yanajipinda kidogo kuelekea puani, na lenzi iliyo ndani ya kila jicho inajikaza ili kitu hicho kionekane vizuri. Kazi hizo mbili zimezoeana tangu utotoni. Kwenye helmeti, picha inayadanganya macho yajipinde kama vile sili iko puani, lakini mwanga wenyewe unatoka kwenye kioo kisichosogea. Lenzi ikijikaza, picha inafifia. Ikilegea, macho yanataka kuachana. Mvutano huo ndio unaoleta maumivu juu ya nyusi na kichefuchefu. Hata mimi nilirudi nyumbani jioni nikiwa sitaki kuangalia hata sufuria.

"Kuumwa si udhaifu," mkufunzi aliniambia. "Maana yake macho yote mawili yanafanya kazi."

Nani wa kuwaambia madereva hayo na wakasikia? Wao walishaweka sheria yao. Aliyevua helmeti haraka aliwanunulia wenzake chai na chapati, na aliyekaa nayo muda mrefu bila kulalamika aliitwa injini. Bosi wa yadi, ambaye zamani alikuwa dereva mwenyewe, aliupenda mchezo huo kupita kiasi. Malori mapya yalipoanza kufika, aliwapa wale ambao helmeti haikuwashinda. Nilimwambia mara moja kwamba hicho si kipimo cha dereva mzuri. Akanitazama kama mtu anayemsikiliza mke wa jirani akieleza injini ya dizeli.

Mume wangu aliingia darasani asubuhi moja akitokea Kampala. Alikuwa amechoka, lakini aliwaona wenzake wamejaa mle ndani na mara akawa mchangamfu. Nilimfunga mikanda huku wakinitania.

"Madam, usimpendelee mzee wako!"

"Nitamkaza zaidi yenu," nikawajibu.

Ukutani kulikuwa na runinga iliyoonyesha kila alichoonyeshwa ndani ya helmeti. Aliendesha vizuri. Akashuka, akakagua nati. Akafika kwenye sili, akaisogeza mpaka karibu na pua, akaisoma namba yote bila kukunja uso. Kisha, kwa maringo, akairudisha pale puani na kukaa nayo, akipiga stori za foleni ya Kampala. Wenzake walipiga makofi na kugonga ukuta wa kontena. Na mimi nilipiga makofi. Niliona fahari, nisiseme uongo.

"Hii ndio injini!" bosi alisema. "Mzee, ile gari mpya ni yako. Imeshapakiwa, leo mchana unatoka na mzigo wa Nairobi."

Wote wakatoka kwenda kunywa chai. Nilibaki peke yangu nikifuta vioo vya helmeti, na mkono ukapunguza mwendo wenyewe. Maneno ya mkufunzi yalinirudia. Macho yote mawili yanafanya kazi.

Nilijiambia wapo watu wanaozoea haraka. Nilijiambia yeye ni mgumu tu, amezaliwa hivyo kule kwao Amukura. Lakini kichwa changu hakikukubali. Wakati wa mvua za masika alirudi nyumbani jicho la kushoto likiwa jekundu. Raba ya kufungia turubai ilikuwa imefyatuka na kumpiga. Alisema si kitu. Tangu hapo alikuwa akigonga bega la kushoto kwenye mlango wa jikoni, nami nilimtania kwamba mlango haujahama. Alikuwa akimimina chai pembeni ya kikombe. Nililaumu uchovu, nikalaumu hata birika.

Nilichukua plasta kwenye boksi la huduma ya kwanza, nikaziba nayo kioo cha kulia cha helmeti, ndani kabisa, asiweze kuona ninachofanya. Kisha nikaenda mlangoni nikamwita.

"Baba watoto, njoo kidogo. Kuna kitu nataka kurekebisha kwa kompyuta."

Alikuja na kipande cha chapati mkononi. Alikaa, akafumba macho nilipomvalisha kwa sababu mikanda ilimvuta nywele. Niliwasha. Kwenye runinga trela lilionekana waziwazi, jekundu, limesimama juani. Nilisubiri aseme jambo lolote. Nilikuwa naomba alalamike kwamba kioo kimoja kina giza. Naomba Mungu, nilisema moyoni, aseme kimoja tu.

"Mama watoto," akasema, "mbona umezima?"

Nadhani alisikia nilivyovuta pumzi, maana aliivua helmeti taratibu na kuigeuza. Aliiona plasta. Akainua uso, akaliona trela jekundu kwenye runinga.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Ile raba."

"Ulisema si kitu."

"Nilijua nitaona tena. Nilinunua dawa ya matone." Aliweka helmeti chini. "Lakini hii ingine inaona vizuri. Si umeniona hapa? Nimeshinda hao vijana wote."

"Umewashinda kwa sababu unatumia jicho moja! Halina la kuvutana nalo!" Nilikuwa napaza sauti, na ndivyo nilivyo nikiogopa. "Upande wa kushoto wa barabara unaona nini?"

"Nageuza kichwa naona kioo cha pembeni."

"Na bodaboda ikijipenyeza kabla hujageuza?"

Alikunja kile kipande cha chapati mpaka kikawa donge.

"Wacha niende hii safari moja," akasema kwa sauti ya chini. "Nikirudi naenda hospitali, haki ya Mungu. Ukiongea saa hii, hawanipi gari tena. Mimi sina kazi ingine. Unataka nikae nyumbani nikuangalie ukienda kazi?"

Nilimwonea huruma hadi nikataka kumshika. Pia nilitaka kumpiga. Miezi hiyo yote alikuwa ameteremka na tani za mzigo kupitia Kanduyi na Webuye, kwenye masoko ambapo akina mama wanapanga nyanya ukingoni mwa lami, na upande huo wote ulikuwa giza kwake. Na jioni alikaa mezani kwangu akisema safari ilikuwa salama.

Bosi aliingia bila kubisha, akitabasamu, funguo zikining'inia kidoleni.

"Injini yangu, shika. Karatasi ziko tayari."

Mume wangu alisimama haraka na kunyoosha mkono. Vidole vyake vilijifunga kabla havijazifikia funguo. Vilishika hewa.

"Mzee, ni njaa ama ni furaha?" bosi akacheka.

Alinyoosha tena. Hakuwa anamtazama bosi. Alikuwa anageuza kichwa kunitazama mimi, na kwa uso ule angeniomba chochote, ningempa. Chochote kingine.

"Boss, usimpe," nikasema. "Jicho lake la kushoto halioni."

Bosi alitutazama kwa zamu, kisha akazirudisha funguo mfukoni. Alisema kitu kuhusu daktari na barua, sikumbuki vizuri. Mume wangu alichukua jaketi lake na kutoka. Nje wenzake walimpigia mbinja wakimwita injini, wakitaka kujua anatoka saa ngapi. Aliwapita.

Nilimkimbilia. Nilimkuta kwenye lango la yadi, akielekea barabarani, mwendo wa mtu asiyetaka kufuatwa.

"Umenitoa barabarani," akaniambia bila kugeuka. "Mke wangu mwenyewe. Si dereva mwenzangu, si polisi. Wewe."

"Ndiyo. Ni mimi," nikasema.

Alipita katikati ya malori mawili yaliyosimama kwenye foleni kando ya lami, akatazama kulia kama kila mtu anavyotazama, akakanyaga lami. Bodaboda iliyobeba madumu ilikuwa inakuja upande usio wake, ikielekea kinyume na foleni. Nilimvuta kwa shati na kishikizo kikakatika. Madumu yalipita yakigusa kifua chake. Mwenye boda alitutukana mpaka akapotea mbele.

Alibaki amesimama palepale kati ya malori, mkono wake kifuani. Niliweza kuona shati likiruka kwa mapigo ya moyo.

"Imetoka wapi hiyo?" akaniuliza.

"Kushoto," nikamwambia.