Rangi Nyekundu Mgongoni mwa Meneja

Lidia Stephano alipopata nafasi ya kwenda Morogoro kusomea udaktari wa wanyama, mtu wa kwanza kucheka alikuwa baba yake mdogo.

"Yaani usome miaka yote hiyo, halafu urudi kumpima mbwa homa? Mbwa wa hapa Lituhi homa yake anaijua nani?"

Waliokuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwani, pale ufukweni wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Baba yake, Mzee Stephano, aliendelea kushona wavu. Alikuwa mvuvi, mtu wa maneno machache, na alipoona kicheko hakiishi akasema, "Mwacheni aende. Kwani mbwa haumwi?" Basi, Lidia akaenda.

Huko chuoni wenzake wengi walitaka ng'ombe na kuku, kwa sababu ndiko kwenye ajira. Waliochagua wanyama wadogo walikuwa wachache. Alipompigia baba yake simu kumweleza, mzee akauliza kwa upole kama ni wadogo kama panya.

"Hapana, baba. Mbwa na paka."

"Mbwa wangu si mdogo huyu. Njoo umwone anavyokula."

Alipomaliza akapata kazi Dar es Salaam, kwenye kliniki ambayo mbwa waliletwa kwa gari, wamekaa kiti cha nyuma na kioo kimeshushwa wapate upepo. Hebu fikiria, mbwa ana siku ya kuzaliwa na inajulikana. Palikuwa na paka mwenye kisukari aliyechomwa sindano kila siku kama bibi wa mtu. Lidia alijifunza kusafisha meno ya mbwa na kushona tumbo la paka. Alijifunza pia kazi ambayo hakuitegemea, ya kumlaza mnyama asiyepona: sindano ya kwanza alale, ya pili asiamke, na mwenye mnyama amemwekea mkono kichwani. Mara ya kwanza alikwenda chooni akalia. Baadaye akazoea, kama watu wanavyozoea.

Mama yake alipofariki hakutaka tena kukaa mbali na baba. Lakini Lituhi kliniki ya mbwa ingemlisha nini? Akasimama katikati, Mbinga mjini, kwenye baridi na kahawa. Akafungua duka la dawa za mifugo, na chumba cha nyuma akaweka meza ya bati ya kupimia. Wateja wake wengi walikuwa wenye nguruwe na kuku. Ila polepole wakaanza kuja na wengine. Bibi mmoja wa Kigonsera alimleta paka ndani ya kikapu, amefunikwa kitenge, akieleza kuwa panya wanamaliza mahindi darini na paka mwenyewe anakohoa tu. Dereva wa lori la makaa ya mawe kutoka machimbo ya Ngaka alileta mbwa aliyevunjika mguu, akakataa kusema nani alimgonga. Watu wakaanza kumwita Dokta, kwanza kwa utani, kisha kwa kuzoea.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwezi wa tisa. Alishuka ziwani na boksi la barafu kwenye pikipiki yake, akachanja mbwa wa vijiji vya ufukweni dhidi ya kichaa cha mbwa. Lituhi ndiko kulikokuwa kugumu. Wazee waliamini mbwa akichanjwa analegea, habweki tena, mwizi anamruka kama gogo. Mwaka ule wa kwanza uliitishwa mkutano, na watu wakamkodolea macho baba yake zaidi kuliko walivyomtazama yeye.

"Tuanze na wa kwako, Mzee Stephano," mmoja akasema. "Meneja akichanjwa, sisi nani?"

Meneja alikuwa mbwa wake, wa kahawia, mwenye sikio moja lililochanika. Alipewa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa na kutazama wengine wakivuta nyavu. Mzee alikuwa mpweke tangu alipofiwa na mke, na chakula chake kikubwa alikula na yule mbwa mlangoni, huyu kwenye sahani, yule kwenye kifuniko cha sufuria.

Mzee Stephano akasimama mbele ya watu wote. "Meneja atakuwa wa kwanza," akasema.

Siku ya chanjo watoto wakafurika uwanja wa shule. Kule mbwa ni wa baba kwa jina tu. Anayeweza kumshika ni mtoto. Walikuja wakivutwa na mbwa wao, wamewafunga kwa kamba za manila na vipande vya kanga, huku baba zao wamesimama mbali kama hawahusiki. Lidia alichanja mstari mmoja, na Adrian, afisa mifugo wa kata, akachanja mwingine. Kila mbwa aliyemaliza alipulizwa rangi nyekundu mgongoni, ili ajulikane. Kufika saa sita boksi likawa tupu, na Meneja hakuwa amefika. Wavu wa mzee ulikuwa umenasa kwenye miamba tangu alfajiri, naye yuko majini anauhangaikia.

Lidia hakulijua hilo. Alipokwenda nyumbani jioni alimkuta baba ameketi, na Meneja amelala pembeni na mstari mwekundu mgongoni. Moyo wake ukashuka mahali pake.

"Shikamoo, baba. Kumbe mlikuja?"

"Marahaba, mama. Tulikuja."

"Mbona sikuwaona?"

"Tulipanga foleni kule kwa kijana wako."

Akamaanisha Adrian. Lidia hakuuliza tena. Kwao binti hamhoji baba yake mara mbili, na isitoshe alikuwa na furaha, kwa kuwa njiani watu walikuwa wanasema, "Tumemwona Meneja, kweli kapigwa rangi." Mwaka uliofuata, walisema, watawaleta wao wenyewe.

Baada ya Krismasi mbwa mgeni akapita Lituhi akitokwa mate, akang'ata mbuzi, akapigana na Meneja, na vijana wakamuua kwa mawe. Baba akapiga simu.

"Kamng'ata Meneja hapa begani. Si sana."

"Pole, baba. Usiwe na wasiwasi, huyo kachanjwa. Nikija Pasaka nitamwongezea dozi nyingine. Angekuwa hajachanjwa ningekuja leo hii."

Simu ikawa kimya, mpaka Lidia akadhani mtandao umekata.

"Baba?"

"Nipo. Sawa, mama."

Hayo tu. Ni neno ambalo Lidia alikuja kulirudia kichwani mara nyingi, lile *sawa*, akilipima kama mtu anavyopima homa.

Kwaresima ilikuwa imeanza, na alikuwa akimshona nguruwe wa mtu, Pankras alipopiga simu. Pankras alikuwa jirani wa baba yake, mvuvi pia.

"Dada Dokta, njoo. Meneja anang'ata hewa. Anakimbilia maji halafu anayaogopa. Na mzee kang'atwa mkono."

"Lini?"

"Leo asubuhi. Alikuwa anamlisha kwa mkono, hataki kula."

"Mwambie aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi. Aoshe mpaka achoke, kisha aoshe tena. Mfungieni mbwa, msimguse."

Akapiga simu hospitali Mbinga, akaambiwa chanjo ya binadamu ipo. Akawasha pikipiki. Njia nzima malori ya makaa yalimfukizia vumbi, naye hakufunika hata pua. Ugonjwa huu aliujua. Mtu akiwahi sindano, anapona. Akichelewa mpaka dalili zianze, hakuna daktari wa mbwa wala wa watu.

Alimkuta baba ameketi nje ya jiko, mkono umefungwa kitambaa. Ndani ya jiko kulikuwa na sauti, si ya kubweka, kama ya mtu aliyepotewa na sauti anayejaribu kuita. Vijana watatu walikuwa wamesimama na marungu. Lidia akachungulia dirishani. Mbwa alikuwa anatafuna mguu wa meza. Na mgongoni, baada ya mvua zote zile, mstari ulikuwa bado unang'aa, mwekundu kabisa.

Rangi ya kupulizia mifugo haimalizi mwezi. Mvua mbili tatu, imekwenda. Lidia akageuka taratibu, akatazama boti ya baba yake iliyopinduliwa mchangani. Ubavuni ilikuwa na mstari mwekundu uleule.

Akasogea karibu, vijana wasisikie. "Baba. Ile ni rangi ya boti."

Mzee akatazama miguu yake. "Ulikuwa umeshamaliza dawa. Nilifika uwanjani, watoto wanaondoka. Nilikuwa nimesema mbele ya watu."

"Ungeniambia."

"Wangekucheka, mama. Baba yake mwenyewe, wangesema. Nikasema mwakani nitamleta mapema."

"Na nilipokuambia kwenye simu kachanjwa?"

Hapo mzee akakaza kitambaa mkononi, na Lidia hakusubiri jibu. Mkono wenyewe ndio uliokuwa na haraka.

"Twende Mbinga sasa hivi, baba. Hospitali wanatusubiri."

"Siendi nikamwacha hivi."

"Vijana watamaliza."

"Kwa marungu? Katika jiko la mama yako?" Akatikisa kichwa. "Mimi nitakaa hapa. Nenda wewe."

"Baba, utakufa."

"Nimesikia."

Pankras akajaribu. "Mzee, mbwa ni mbwa tu."

"Wewe Pankras kaa kimya, mke wako yupo nyumbani."

Mzee akamwangalia binti yake kwa mara ya kwanza tangu afike. "Wewe umesomea. Kule Dar uliniambia mnawalaza, mtu ameshika kichwa cha mbwa wake. Mlaze wewe. Akishalala nitapanda pikipiki yako, nitakwenda unakotaka."

Lidia akafungua mkoba. Alikuwa ameshawalaza wanyama wengi, wengine wa watu waliomlilia begani. Sasa alishindwa kufungua kizibo cha chupa, Pankras akamfungulia. Akalifunga bomba la sindano kwenye ncha ya ufito mrefu, kama walivyofundishwa, kwa mnyama asiyekaribiwa.

"Nitamshika kichwa," baba yake akasema.

"Hapana. Huyu hashikwi."

"Nimeshang'atwa, ataniongezea nini?"

"Baba, nimesema hapana." Hakuwahi kumwambia baba yake neno hilo hivyo. Akaongeza kwa sauti ndogo, "Ongea naye tu. Atakusikia."

Basi mzee akakaa upande wa pili wa ukuta wa jiko, mgongo umeegemea matofali, akaanza kuongea Kinyasa. Hakumwambia mbwa mambo makubwa. Alimwambia usipa wa leo ni mdogo mdogo, boti ya Pankras inavuja, mvua itarudi. Meneja akasimama. Akageuza lile sikio lililochanika kuelekea ukutani, na kwa muda akaacha kutafuna hewa. Hapo ndipo Lidia alipopitisha ufito dirishani.

Mbwa akalala. Lidia akaingia peke yake, na glavu, kwa ile sindano ya pili. Utaratibu wa kazi ulitaka akate kichwa kipelekwe maabara kupimwa. Akakaa pale amechuchumaa na kisu mkononi, akisikia baba yake nje bado anaongea, bado anaeleza habari za boti. Akakirudisha kisu mkobani. Ugonjwa wenyewe aliujua, akajisemea, ingawa alijua pia kwamba hiyo si sababu.

"Tayari, baba," akasema kutoka mlangoni.

Mzee akamalizia alichokuwa anasema. Vijana waliweka marungu chini, wakachimba shimo refu bila kuambiwa. Hakuna aliyetania.

Mbinga walifika jua linazama, mzee akitetemeka kwa baridi nyuma ya pikipiki. Muuguzi wa zamu, Sista Tadea, alimjua Lidia vizuri. Mwezi wa tisa ndiye aliyemtunzia chanjo kwenye friji lake.

"Dokta, huyu ndiye baba? Shikamoo, baba. Mbwa wa nani kamng'ata?"

"Wa nyumbani," Lidia akasema.

"Alikuwa amechanjwa?"

Mzee akafumbua mdomo. Lidia akamtangulia. "Hapana. Dawa iliniishia nikamruka."

"Eee, kweli mganga hajigangi," Sista Tadea akasema akicheka kidogo, akivuta dawa kwenye bomba. "Unazunguka wilaya nzima, nyumbani kwenu umeacha."

Maneno hayo yalisambaa, na baadaye hata Lituhi yakafika. Lidia hakuwahi kuyasahihisha. Mzee alimwangalia binti yake kwa muda mrefu, kisha akageuza uso na kutoa bega.

Sindano zilikuwa kadhaa, za siku mbalimbali, kwa hiyo mzee akabaki Mbinga kwa binti yake mpaka zimalizike. Alipona. Alikaa dukani amevaa koti zito la mtu, akiwapimia wateja chakula cha kuku. Habari ya Meneja haikutajwa na yeyote kati yao. Asubuhi moja akaingia mama mmoja na mtoto wa mbwa kwenye ndoo, wa chanjo ya kwanza, wa kahawia, anayelia. Lidia akamweka mezani akatazama nyuma. Kiti cha baba yake kilikuwa kitupu.

Akamwona kupitia dirisha. Alikuwa amevuka barabara, amesimama upande ule kwenye ukungu, mikono mfukoni, amewapa mgongo. Lidia akachanja, akamweleza mama yule tarehe ya kurudi, akamfunikia ndoo kwa kanga. Mzee alirudi ndani ndoo ilipopotelea kwenye kona.

"Mama, pumba zinakaribia kuisha," akasema, akachukua kopo lake la kupimia.