Mguu wa Mama Musila na Viatu vya Kwaya

Kwa miezi mitano ya mwaka 1998, Phylis Mukonyo, au Mama Musila, mke wa mwenye bucha pale Kitengela, hakuonja nyama. Mji mzima ulinukia choma, wageni wa Nairobi walisimamisha magari kununua mbavu, naye alikaa nyuma ya kaunta ya mumewe, Munguti, akila ugali na sukuma wiki huku akiwafungia wengine kilo mbilimbili.

Sababu ilikuwa mguu wake wa kulia. Kando ya kidole gumba, pale kinapoanzia, mfupa ulikuwa umechomoza kama kokwa ya parachichi chini ya ngozi, na kidole chenyewe kikawalalia wenzake. Mtaa ulikwisha kutoa hukumu: ni gauti, ugonjwa wa walafi wa nyama. Na nani anayeshinda na nyama kuliko mke wa mwenye bucha?

"Mama Musila," wateja walimtania, "hiyo mguu imemaliza mbuzi ngapi?"

"Ulizeni Munguti. Mimi hukula mchuzi wa macho tu."

Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu mwaka uliotangulia, nikachaguliwa katibu wa kwaya ya kanisa letu. Mama Musila ndiye aliyeiongoza. Hatua zake alizileta kutoka kwao Makueni: tuliingia tukicheza nyuma yake, mabega yakitikisika, na hata mzee aliyekuwa akisinzia alijikuta amesimama. Agosti tulitakiwa kushindana Kajiado. Bila yeye mbele, tungekuwa watu thelathini waliochomekwa kama nguzo za ua.

Lakini mwenyekiti wetu, Mama Immaculate, karani wa benki aliyehamia kutoka Kakamega, alikuwa ameamua wanawake wote wavae viatu vyeusi vya ncha, vyenye kisigino. Mama Musila alivijaribu siku moja ya mazoezi, akarudi nyumbani ameshikwa mkono kama bibi harusi.

"Kama mguu haiwezi, tutaweka mwingine mbele," Mama Immaculate alisema mkutanoni. "Kwaya ni unadhifu."

Nilisimama kama moto wa nyasi. Niliuliza ni aya gani iliyoandika kwamba Mungu husikiliza visigino. Niliuliza kwa nini mwanamke aumie ili apendeze. Ningeendelea, ila Mama Musila alinivuta shati.

"Keti, mwalimu. Mdomo yako haiwezi kuvaa hii kiatu kwa niaba yangu."

Basi nikafanya lililo na faida zaidi: nilimpeleka zahanati kwa tabibu Dalmas. Dalmas alimtazama mguu kwa utulivu, kisha akamuuliza kama uvimbe ulikuja kwa ghafla, mwekundu na wa moto.

"Hapana. Imekuja polepole, miaka kumi hivi."

"Mama yako alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo. Na yeye nyama alikuwa anaona Krismasi."

Dalmas alicheka. Alichukua kalenda ya zamani, akaigeuza, akamwambia asimame juu yake, akauchora mguu kwa kalamu. Kisha akaweka kiatu cha kwaya juu ya mchoro. Mguu ulibaki nje kila upande.

"Hii kiatu ni namba ngapi, mama?"

"Thelathini na nane."

"Na mguu?"

"Labda arobaini. Lakini mtumba ya ngozi hupanuka, daktari. Kila mtu anajua."

"Kwa hiyo miaka kumi umengoja ipanuke. Imepanuka nini?"

Mama Musila aliutazama mguu wake. "Ni mimi," alisema, na tukacheka wote watatu.

Haikuwa gauti. Umbo la mguu alilirithi, Dalmas alieleza. Viatu vya kubana vikazidisha maumivu. Ule mpira wa tyubu ya baiskeli aliokuwa akijifunga usiku autupe, kwa maana haunyooshi mfupa. Avae kiatu kipana mbele, kisicho na kisigino kirefu. Aweke kitambaa laini pale panaposuguliwa, na barafu pakivimba. Mfupa wenyewe hautarudi bila upasuaji, na upasuaji ni wa mtu ambaye hayo yote yameshindwa kumtuliza.

"Na nyama?"

"Nyama imekukosea nini?"

Jioni hiyo alimaliza nusu kilo ya mbavu bila kumkaribisha mtu.

Viatu vipana vyeusi havikuwepo dukani, kwa hiyo akaenda kwa Parsaoti, aliyekata akala, ndara za tairi, karibu na soko la mifugo.

"Takwenya, yieyo," Parsaoti alimwamkia.

"Iko," alimwitikia kwa Kimaasai.

Alimsimamisha juu ya kipande cha tairi, akazungusha chaki mpaka nje ya nundu, akashona mikanda ya ngozi nyeusi isiyoigusa.

Kajiado, mlangoni mwa ukumbi, Mama Immaculate aliziona.

"Akala? Mbele ya majaji? Mama Musila, nenda nyuma kabisa."

Nilifungua kinywa. Mama Musila alinitazama, nikakifunga. Akaenda nyuma. Mbele akawekwa msichana wa sauti ya kwanza, visigino vikimtetemesha. Tukaitwa. Msichana alipiga hatua mbili, ya tatu akaikosa, na mstari mzima ukagongana. Mtu akaguna kwenye viti.

Ndipo nyuma yetu tairi likapiga sakafu ya simiti: pa! Pa-pa! Miguu yetu iliijua sauti hiyo kabla ya vichwa vyetu. Tulijigawa pande mbili, na Mama Musila akapita katikati akiimba, mabega yakiwa kazini, akala zikipiga ngoma ambayo hakuna kwaya nyingine iliyokuwa nayo.

Tulikuwa wa pili. Tukirudi kwenye lori, Mama Immaculate alisogea karibu naye, akanong'ona kwa sauti niliyoisikia vizuri.

"Dada, huyo Parsaoti hufanya kazi Jumamosi?"

"Hufanya. Lakini toa kiatu kwanza, tuone."