Tulivyoutafuta Ugonjwa wa Bahati

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani, ingawa mengine mengi nimeshayasahau. Nilikuwa mama kijana, nauza nyanya Bukavu, ng’ambo ya mpaka, Kongo. Sisi wachuuzi wa Kamembe, upande wa Rwanda, tulikuwa tunawaacha watoto mpakani, kwa mama mmoja wa kuwalea, tunavuka na beseni kichwani, tunarudi jua likizama. Bahati, mzaliwa wangu wa kwanza, alikuwa na miaka miwili. Hasemi. Ukimwita hageuki. Anazungusha kifuniko cha sufuria tu, kutwa.

Mama mkwe alishaamua: mtoto ana mashetani, apelekwe nyumba ya maombi, akae huko bila mimi mpaka yamtoke. Nikaomba kwanza nimpeleke hospitali, huko Bukavu. Nilitaka jina la ugonjwa nimpelekee mama mkwe, basi.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, macho yamechoka kama yangu ya leo. Alimpima masikio, kisha akakaa sakafuni kumwangalia anavyocheza.

“Muchana anabakiaka na nani?” akaniuliza.

“Na mama wa batoto, kwenye mpaka.”

“Na baba yake?”

Baba yake hakuwahi hata kumbeba.

“Maman, leo siwezi kusema ni ugonjwa gani. Mutoto mudogo hivi angali anabadilika. Mumulete tena, na baba yake akuye, na ule mama wa mpaka pia.”

Nilikasirika, mwanangu. Nimepoteza siku ya soko, narudi mikono mitupu. Lakini nilipofika nyumbani nikamwambia mama mkwe kwamba daktari bado anamwangalia, kwa hiyo mtoto haendi popote. Akanuna, lakini Bahati akabaki nyumbani.

Tulirudi mara nyingi, na baba yake akaja. Bahati alipokaribia umri wa shule ndipo tukaambiwa ni usonji, hauponi kwa dawa, ila mtoto hufundishwa polepole. Nililia sana. Kisha tukaanza kumfundisha, na hadi leo sijapumzika.

Kwa hiyo mwanao akikutia wasiwasi, mpeleke mapema. Ila usimlazimishe daktari kusema siku ya kwanza, wala usimwachie mtu mwingine aseme kabla yake. Kaa chini na mtoto, umwangalie.

Bahati ni mtu mzima sasa. Kila jioni ananingoja mpakani, ananipokea beseni bila neno. Mungu akupe nguvu, mwanangu, na ukichoka kama mimi, awepo wa kukupokea mzigo.