Hatua Hamsini Nyuma ya Mkwe

Nina hasira za karibu, sikatai. Asubuhi ile langoni mwa msitu, juu ya Endebess, askari alitueleza mambo pole pole: viatu visivyoteleza, maji ya kunywa, makoti ya mvua, msivuke mto uliofurika, na zaidi ya yote msiachane. Mtu mwenye nguvu atembee nyuma kabisa. Nikamkatiza. "Bana, mimi nimezaliwa chini ya mlima huu. Si tunaenda tu kuona maporomoko turudi?" Mtu wa kutuongoza nikamkataa pia.

Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka saba, na mama mkwe, aliyekuja kututembelea Kitale kutoka Tongaren. Sasa, kwetu Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mikono, hawali pamoja, hawakaribiani. Miaka kumi na moja ya ndoa sikuwa nimemtazama usoni. Kwa hivyo askari atake asitake, mama alitembea hatua hamsini nyuma yangu, leso kichwani, viatu vya kanisani miguuni. Nikimngoja, anasimama. Nikienda, anakuja. Ilinikera, weh! Lakini ningesema nini?

Saa nane mawingu yakafunga mlima, mvua ikamwagika, tukageuka. Mama alisimama kando ya njia akatupisha, akabaki nyuma tena. Kijito tulichovuka asubuhi maji yakiwa ya kifundoni sasa kilikuwa chekundu, kinabeba magogo. Hapo ndipo ingefaa turudi mahali pa juu tungoje. Mimi nani wa kungoja? Nilivuka na mtoto mgongoni, mke wangu ameng'ang'ania mshipi wangu. Mama alikuwa mbali, hakuona tulipokanyaga. Akakanyaga kwingine.

Maji yalimwangusha chali, yakamburuta, yakamgonga kwenye jiwe. Nilisikia mkono wake ukivunjika, ko! Kwa ule mwingine akashika mzizi karibu na upande wetu. Nilimtua mtoto, nikakimbia nikainama, nikanyoosha mkono.

"Usinishike!" alipiga kelele. "Wewe usinishike!"

Nami nikaacha. Nasema ukweli: nilisimama pale nikimwangalia mtu akifa, eti kwa heshima. Mke wangu alinipiga ngumi ya mgongo. "Huyo ni mama yangu! Mtoe!" Kabla sijasogea gogo likaja, likampiga mama mdomoni, akaachilia mzizi, akazama.

Hapo niliruka. Nilimkamata nywele, nikamkamata gauni, likapasuka lote. Nikamkumbatia hivyo hivyo, nusu uchi, mawe yakitupiga sote, mbavu zangu zikilia. Sijui niliwezaje kumtupa ukingoni. Alitapika maji, damu, na meno mawili.

Mke wangu alimfunika kwa koti langu. Mimi niliwapa mgongo. Aibu ilinishika kuliko baridi. Nilijua nimemshika mama mkwe, nimemwona mwili, na wazee wetu wa Bungoma watataka mnyama wa kuchinjwa kusafisha hayo.

"Geuka unitazame," mama akasema.

Niligeuka. Jicho moja lilikuwa limefura, mdomo umechanika. Nilingoja anilaani kwa kumshika.

"Nilikwambia usinishike," akasema, "na wewe ukanisikiza?"