Milioni Mbili ni Kidogo

Pale maabara ya hospitali walimwita Mama Sifuri, na jina hilo alilipata kwa ugomvi. Zamani, karani mmoja alinakili jibu lake akaacha sifuri ya mwisho. "Si sifuri tu, mama?" karani akasema. Sifuri tu! Alifokewa mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakamwonea huruma. "Hiyo sifuri yako tu ndiyo inayotenganisha laki na milioni," mama yule alimwambia, "na hapa kila namba ina mwenyewe, anapumua!" Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuchezea sifuri zake, na jina likamganda.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu visivyohesabika. Tone moja la damu lina chembe mamilioni kwa mamilioni, nani atazimaliza? Hakuna wa kuzimaliza. Alichofanya ni kuliweka tone kwenye kioo kilichochorwa miraba midogo, akainamia hadubini, akahesabu miraba michache huku anabofya kidude cha kuhesabia mkononi, kisha akazidisha. Neno "nyingi" alilichukia kama deni. Mumewe akirudi sokoni akasema nyanya leo zilikuwa nyingi, atasikia: "Nyingi ngapi?" Mzee wa watu alijifunza kunyamaza.

Sasa asubuhi moja Mama Sifuri akamkabidhi bahasha ya majibu fundi magari aliyekuja na mkewe. Mume bonge la mtu, kucha nyeusi kwa oili. Mke fundi cherehani, mwembamba, maneno yake ya kuhesabu. Miaka sita ya ndoa, mtoto hakuna. Mke alikwisha kupimwa kila kipimo akaonekana mzima, ila mama mkwe hakuamini karatasi, aliamini kwamba mwanawe dume la nguvu hawezi kuwa na kasoro. Mume ndiyo kwanza alikubali kupimwa, tena kwa kuburutwa.

Sheria ya hospitali ilikuwa fupi: mtu wa maabara anatoa bahasha, daktari ndiye anayeeleza. Na daktari wa mambo hayo alikuwa anakuja kesho yake.

Fundi hakuwa na subira ya kungoja kesho. Aliichana bahasha mlangoni, akasoma mstari wa mbegu za kiume, macho yakamtoka. Simu ikawa sikioni palepale kwenye korido.

"Mama! Milioni mbili! Ndiyo, mbili! Si nilikwambia mimi sina tatizo? ... Ehe. ... Haya mama, kama ulivyosema. Arudi kwao, leo hiihii."

Korido nzima ilisikia. Mkewe, kwenye benchi, aliinamisha kichwa akawa anakunja na kukunjua pindo la mtandio wake. Hakulia. Pengine machozi alishayamaliza mwaka wa nne.

Mama Sifuri alikuwa dirishani, na damu ilimchemka. Ile namba aliiandika yeye kwa mkono wake, na sasa ndiyo inayomfukuza mwanamke wa watu! Sheria ni sheria, sawa, lakini kesho daktari akija kueleza, huyu binti atakuwa ameshapakia nguo. Potelea mbali, alijisemea. Wakitaka kunifukuza, mimi nastaafu Desemba.

"Wee fundi! Hebu rudi huku ndani, wewe na mkeo. Unamwaga mchele penye kuku wengi."

Wakaingia. Akafunga mlango, akawapa viti, mwenyewe akabaki kasimama.

"Baba, hiyo milioni mbili ni kidogo."

Fundi akacheka. "Mama nawe! Milioni mbili iwe kidogo, dunia ipi hiyo?"

"Dunia ya kazi ya mbegu hizo. Mwanamume ambaye hatuna wasiwasi naye anaanzia milioni kumi na tano, kumi na sita kwa kipimo hichohicho. Wengi wana sitini. Wapo wa mia."

"Lakini mama, milioni!"

Hapo Mama Sifuri aliona tatizo. Huyu hakuwa mjinga. Alikuwa kama watu wote, kwake milioni ni jina tu la kitu kisichoisha. Akaziangalia zile kucha nyeusi.

"Injini ya gari, ikiwaka tu bila kutembea, inazunguka mara ngapi kwa dakika?"

"Mia nane. Ukikanyaga kidogo, elfu moja."

"Tuseme elfu. Milioni inafika lini?"

 Fundi akaanza kuhesabu kwa vidole. "Dakika elfu moja ... saa kumi na saba hivi." Akakunja kidole cha mwisho. "Siku moja haifiki."

"Na milioni mbili?"

"Siku moja na nusu haifiki." Sauti ilikuwa imeshuka. "Injini ya kuzima siku ya pili! Hiyo si injini, mama."

"Ni injini inayotaka fundi," Mama Sifuri alimjibu haraka. "Sikiliza. Safari ya mbegu ni ndefu, karibu zote zinaishia njiani, ndiyo maana zinatakiwa nyingi. Lakini mwili wako unatengeneza mpya kila siku, na ndani ya miezi mitatu kikosi chote kinakuwa kingine. Daktari atatafuta chanzo, mara nyingi kinatibika. Nimehesabu watu waliokuja na chini ya hiyo yako, na leo wanasumbuliwa na ada za shule. Ila mficha uchi hazai, baba."

Fundi aliisoma tena ile karatasi. Kisha akamgeukia mkewe.

"Miaka sita," alisema. "Na wewe ulikuwa unanyamaza tu."

"Ningesema nini, nani angenisikia?" mkewe akajibu.

Aibu ilimshika kweli, mtu mzima yule. Akaitoa simu. Akabonyeza jina la mama yake, akaweka sauti kubwa.

"Mama, nilisoma vibaya. Ile namba ni ndogo. Tatizo ni langu mimi, si lake. Daktari atanitibu, lakini yeye haendi popote."

 Mama Sifuri akaisogelea simu asikie vizuri.

"Yupo hapo?" mama yake akauliza. "Mpe simu."

Mke akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimeshampigia kaka yako aje kukuchukua. Yuko njiani. Sasa nitamwambia nini mimi?"

Yule binti alimtazama mumewe.

"Mwache aje tu, mama," akasema. "Atatukuta wote wawili nyumbani."