Mfereji wa Nne

Mimi ni mtu wa kinyongo. Nasema mapema, asije mtu akanitafutia sifa nyingine.

Nilipoanza kutibu meno hapa Ifakara, mkuu wangu wa kazi alikuwa mzee aliyeheshimiwa mji mzima. Siku moja alikuja mama mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Mofu. Gego lake la juu lilikuwa limesafishwa mizizi na kuzibwa, lakini bado lilimtesa, na ndilo pekee alilobakiwa nalo la kutafunia. Nikamwambia mkuu kwamba huenda kuna mfereji wa nne, njia nyembamba ya neva, umejificha kwenye mzizi, haujaguswa.

"Gego la juu lina mifereji mitatu," alisema, mlango wazi, wagonjwa kwenye benchi wanasikia. "Huo wa nne umeuota wewe, binti. Ng'oa."

Watu wakacheka. Yule mama hakucheka. "Mwanangu, haliponi kweli?" aliniuliza. Nikang'oa.

Nilimwomba yule mama lile gego, nikalikata nyumbani kwa msumeno wa chuma. Matundu manne. Nilipompelekea mkuu, alilitupa kwenye ndoo ya taka bila kulitazama.

Mwaka huu mkuu alikuja kwenye kliniki yangu, mtaa wa Viwanja Sitini, amestaafu, shavu limevimba. Alisimama mlangoni akisubiri shikamoo yake. Sikumpa. Kwetu hapa kumnyima mzee shikamoo ni tusi, na nilikusudia liwe tusi. Nikamwonyesha kiti.

"Ling'oe tu," alisema. "Limeshazibwa, halikupona."

"Siling'oi."

Nikampiga ganzi, nikalifungua gego lake la juu, nikatafuta kwa lenzi mpaka shingo ikaniuma. Kisha nikachomeka sindano nyembamba za kusafishia, moja kwa kila mfereji, vishikio vyake vikabaki vimesimama juu ya jino. Nikampa kioo.

"Hesabu."

Mdomo ulikuwa umetanuliwa kwa mpira, hawezi kusema. Akainua vidole vitatu.

"Hesabu tena."

Akakisogeza kile kioo karibu zaidi. Kidole cha nne kikapanda, taratibu.

"Shikamoo," nikamwambia. Koo lilikoroma, marahaba haikutoka. Niliifurahia ile sauti, sifichi.

Gego lake limepona. Yule mama wa Mofu nilimwona sokoni juzi, analowesha chapati kwenye chai kabla ya kuila. Alinisalimia vizuri, akaniita mwanangu. Mzee sijamsamehe, lakini mkono ulioling'oa lile gego la mama ulikuwa wangu.