Kasuku Wangu Hamwamkii Mtu

Leo kasuku ameongea! Mliokuwa mnabisha, jitokezeni.

Ni yule mdogo wa kijani. Nilimchagua kwa sababu alining'ata. Wenzake walikuwa wapole kama kuku wa kisasa, na mimi sifugi wapole.

Mama watoto alishasema, "Mzee, kaka yangu akija kutoka kijijini Kate, huyo ndege asipomwamkia, anahamia kwa mjukuu wetu kule Pito."

Basi wiki tatu nimefundisha. Kila asubuhi, uso kwa uso, "Shikamoo! Shikamoo!"

Yeye? Anachambua ulezi wake tu.

Leo shemeji kaingia. Nikainamia tundu, jasho linanitoka na baridi yote hii ya Sumbawanga.

"Sema, baba. Shikamoo!"

Kasuku akanitazama. Akakohoa kama ninavyokohoa mimi vijana wakiniamkia.

"Marahaba."

Jamani! Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Mama watoto akasema, "Kumbe wiki tatu unamwamkia ndege!"

Haya, chekeni. Lakini ametamka, na kule Pito haendi.

Kesho alfajiri nitamwamkia tena. Nani mwingine hapa mjini ana kasuku mwenye heshima zake?